Midomo ya Majivu

Bweni la Wasichana, Chumba cha 14
8 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini koo limepoa, na kwamba ile asali na tangawizi unavitumia kweli, hujavificha kabatini kama ulivyofanya na dawa ya mwaka jana.

Nina jambo, na ni zito. Jana tumetukanwa. Wanafunzi zaidi ya mia mbili tumetukanwa tukiwa tumeketi, vikombe vya chai mikononi, ndani ya bwalo letu wenyewe, na aliyetutukana hatumjui hata kwa sura.

Kila Jumamosi saa kumi alasiri kituo chenu cha televisheni huonyesha Ngazi Saba. Najua wewe ni karani wa ratiba na huna muda wa katuni, kwa hiyo nikueleze. Ni anime ya shule ya uchawi yenye ghorofa saba. Wanafunzi hupigana: mmoja ana umeme, mwingine barafu, mwingine ana kivuli kinachouma kama mbwa. Anayeshinda hupanda ghorofa, anayeshindwa hushuka. Chini kabisa, karibu na majiko, analala kijana ambaye moto wake ulizimika tangu utotoni. Wanamwita Majivu. Hana uwezo wowote isipokuwa mmoja: ukimwangusha, anainuka. Basi. Usicheke, Shangazi. Hata mpishi wetu mkuu, mtu ambaye hatabasamu hata siku ya nyama, huacha masufuria yake na kuja kusimama mlangoni, mwiko mkononi.

Jana ilikuwa sehemu ya kumi na nane. Majivu amemshinda mwenye barafu. Lakini alipigana bila kibali, hivyo Mkuu wa Shule anaikusanya shule nzima uwanjani na kumwamuru apige magoti, aombe radhi. Uso wa Majivu umejaa skrini. Mpishi ameinua mwiko kama upanga. Na Majivu, kwa sauti ile ile tuliyoipenda, anasema: "Nisamehe, Mwalimu Mkuu, nimekosa, sitarudia tena."

Kisha anabaki amesimama! Anamkazia macho Mkuu wa Shule, upepo unapeperusha koti lake, wanafunzi wa ghorofa za chini wanainuka mmoja mmoja nyuma yake, muziki unapanda. Ni nani katika dunia hii husimama namna hiyo baada ya kuomba msamaha?

Bwalo lililipuka. Mmoja alirusha kandambili. Binti wa mwaka wa kwanza alilia waziwazi. Mwanafunzi wa uhandisi tunayemwita Waya, ambaye hurekodi kila sehemu kwa simu yake, alirudisha picha mara tisa kisha akatoa hukumu: "Midomo yake inakutana mara mbili tu. Maneno tuliyosikia yanataka ikutane mara tano. Jamani, tumelishwa maneno ya mtu mwingine!"

Mkosaji, basi, ni mmoja: mtafsiri. Katika sehemu kumi na saba za kwanza maneno yalikaa midomoni kana kwamba wahusika walizaliwa nayo. Ilipofika saa ya kuhitajika, akalala. Nimeandika waraka wa madai, na dai ni moja: huyu mvivu asiyejua kuhesabu aondolewe kazini kabla hajaiharibu sehemu ya mwisho, ya tarehe 18 Aprili. Tuna saini mia mbili na kumi na mbili. Mpishi ametia yake kwa kalamu nyekundu. Waraka huu hapa. Nakuomba uuweke kwa mkono wako juu ya meza ya meneja wa vipindi, maana ukienda kwa posta utaishia kufungia karanga.

Na ukipishana na yule kijana anayetoa sauti ya Majivu, mwambie hatumlaumu. Yeye alisoma alichopewa. Mwambie sauti yake ndiyo inayotuinua vitini.

Mwana wa kaka yako, mwenye hasira za haki


13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata, na waraka nimeusoma wote, mpaka doa la mchuzi kwenye saini ya mia na arobaini. Koo bado linakwaruza. Daktari anasema napiga kelele mno. Nimemwambia makarani hawapigi kelele, akanitazama tu.

Waraka umeandikwa vizuri. Pale penye "mvivu asiyejua kuhesabu" nimepasoma mara mbili. Nina swali, la mtu asiye na elimu yako. Wewe mwenyewe unasema sehemu kumi na saba zilikaa sawasawa. Je, mtu wa namna hiyo husahau kuhesabu siku moja tu, tena siku hiyo hiyo?

Sitaupeleka leo. Nitakaa nao siku kumi. Ukitaka niurudishe, niandikie. Usiponiandikia hivyo nitauweka mezani kama ulivyoagiza. Kazi yangu ni kupeleka karatasi.

Yule kijana wa sauti ya Majivu nilimfikishia salamu zenu. Aliomba maji ya kunywa.

Kula vizuri. Na umwambie huyo aliyerusha kandambili kwamba televisheni haina kosa.

Shangazi yako, karani


18 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Usiurudishe. Upeleke, na pamoja nao upeleke kurasa hizi mpya: saini sasa ni mia nne na saba. Kitivo cha Sheria kimejiunga. Walitaka kuongeza aya za Kilatini, nimewakatalia.

Unaniuliza kama mtu huyo angeweza kusahau siku moja tu. Swali lako limeninyima raha, kwa kuwa jibu lake ni baya kuliko nilivyodhani. Kama hakusahau, basi alijua. Na kama alijua, si mvivu, ni mwoga. Mvivu nitamsamehe, kwa sababu hajui alichoharibu. Mwoga anakijua kwa jina na kwa sura, akakiharibu vilevile.

Unakumbuka nilipokuwa darasa la tano? Mwalimu mkuu alinipigisha magoti uwanjani kwa sababu nilikataa kumtaja aliyevunja dirisha. Ukaja mbio na kandambili, unga umekuganda mikononi. Ukanishika kwapani, ukaniinua mbele ya shule nzima, ukamwambia: "Huyu akisimama anasikia vizuri zaidi." Kisha ukaniambia nikusanye vitabu. Shangazi, maisha yangu yote nimeyajenga juu ya sentensi hiyo. Kila ninapopanda juu ya benchi bwaloni kusema neno kama mwenyekiti wa wanafunzi, mikono ile yenye unga ndiyo inayoniinua.

Aliyeandika "nisamehe" hana shangazi kama wewe. Hilo tu ndilo ninalomhurumia.

Mwana wa kaka yako, aliyesimama


24 Machi

Mwanangu,

Waraka umefika. Niliuweka jana mwenyewe, saa tatu asubuhi.

Meneja aliusoma amesimama, kisha akakaa, kisha akacheka. Alisema, "Hawa watoto wamenirahisishia kazi." Mtafsiri atamalizia sehemu ya mwisho kwa kuwa hakuna mwingine wa kuimaliza kwa wakati, kisha ataondoka. Kituo kitatoa taarifa kwamba kosa lilikuwa lake peke yake. Kwa hiyo wazazi hawatalalamika, na ninyi pia hamtalalamika.

Umeshinda. Hongera. Nimechoka kidogo, nitaandika zaidi siku nyingine. Asali imeisha.

Karani


29 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Niliisoma barua yako bwaloni juu ya benchi, na walishangilia mpaka vijiko vikaanguka. Waya alibebwa mabegani. Mimi nilishangilia pia, lakini neno moja lilinikwama kama mwiba wa samaki: "wamenirahisishia kazi." Kazi gani? Mtu aliyeaibishwa na mfanyakazi wake hukasirika. Huyu alicheka.

Kisha jana ikaja sehemu ya ishirini na moja. Hakuna aliyepigana. Majivu yuko chini, karibu na majiko, na msichana mdogo anayeogopa moto unaotoka kwenye vidole vyake mwenyewe. Kabla ya kusema, Majivu akavuta pumzi fupi puani, ile inayokaribia kuwa kicheko. Kisha akamwambia: "Haya, lete huo mkono, tuone kama kweli unauma au unatafuta kubebwa tu."

Nilisimama. Waliokuwa nyuma yangu wakapiga kelele, "Kaa chini, mwenyekiti, hatuoni!" Sikuweza kukaa.

Nilikuwa na miaka sita. Niliungua na pasi. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani ila wewe na mimi. Pumzi ile ninaijua. Maneno yale ninayajua. Kijana anayesoma alichopewa ameyapata wapi?

Shangazi, karani wa ratiba humpigia nani kelele mpaka koo likachubuka? Kwa nini hutaki kabisa nikupigie simu? Nijibu kwa neno moja tu.

Mimi


3 Aprili

Mwanangu,

Ndiyo.

Hilo ndilo neno uliloomba. Haya mengine ni nyongeza.

Ni miaka kumi na moja sasa. Chumba chenyewe hakina dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi, kuna kiti kimoja kinacholia nisipokaa kwa adabu. Mimi ndiye ninayetafsiri, na mimi ndiye Majivu. Mkataba unakataza kusema. Kituo kinataka watoto waamini kwamba Majivu ni Majivu, si mama wa miaka hamsini na mbili mwenye miwani. Nami sikupinga, kwa sababu baba yako angesema dada yake amezeeka akicheza na katuni.

Nikueleze ninavyofanya. Kwanza naitazama picha bila sauti, kioo cha mkononi kando yangu. Nahesabu midomo inakutana wapi. Kisha natafuta maneno yetu yanayobeba maana ile ile na kufunga midomo mahali pale pale. Kuna sentensi imewahi kunila siku mbili. Ile ya Majivu uwanjani niliipata papo hapo, nikaruka kitini. Simama mbele ya kioo uitamke: "Sipigi magoti." Midomo inakutana mara mbili. Ndicho alichosema kwa lugha yake, na ndicho nilichoandika.

Meneja akaipiga mstari mwekundu. Alisema, "Mtoto akimjibu hivyo mwalimu wake Jumatatu, wazazi watampigia nani simu? Wewe?" Akaandika yeye mwenyewe ile sala ya msamaha.

Sasa sikiliza, mhesabu mkubwa. Ningeweza kuipunguza. "Nisamehe, nimekosa." Ijaribu hiyo nayo kwenye kioo. Mara mbili, si ndiyo? Ingekaa sawasawa, na hakuna hata mmoja wenu, hata huyo Waya wako, ambaye angejua. Meneja hajui kuhesabu midomo. Niliiacha ndefu kama alivyoiandika, ikamwagika nje ya mdomo, ili mtu mmoja, popote alipo, aone kwamba mahali pale pana uongo. Katika miaka kumi na moja ndilo kosa pekee nililofanya kwa makusudi.

Mliliona. Watu mia nne mliliona. Kisha mkaniita mvivu.

Kuhusu mwoga, hapo umenipata. Ningeweza kuiweka karatasi chini na kutoka. Sikutoka. Niliisoma, tena kwa sauti nzuri.

Usinililie, na usimwandikie meneja kumbembeleza. Imebaki kurekodi sehemu ya mwisho. Mkuu wa Shule anamwamuru Majivu mara ya pili. Jibu la meneja limeshaandikwa, liko mbele yangu: "Nitatii."

Shangazi yako


7 Aprili

Shangazi yangu,

Sijui nianze na shikamoo au nianze kwa kuficha uso.

Barua yako nimeisoma bwaloni, yote, kwa sauti. Sikukuomba ruhusa. Najua kuna mkataba. Lakini tulikwisha kukutoa kazini bila kukuuliza, na ningekuwa mnafiki kuanza adabu leo. Niliwaambia: "Tulirusha jiwe, likampiga yule aliyekuwa akitupungia mkono. Na aliyestahili jiwe tumempa kiti akalie." Hakuna aliyepiga makofi. Waya alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema tu, "Mara mbili zote. Nimezijaribu kwenye kioo cha bafuni."

Kisha mpishi akauliza kutoka mlangoni: "Yaani Majivu ni mama mtu mzima?"

"Ni shangazi yangu," nikamjibu.

"Basi ni shangazi yetu," akasema, akarudi kwenye masufuria kana kwamba amesoma hukumu.

Waraka wa pili umeshaondoka kwa mkurugenzi aliye juu ya meneja. Unasema waziwazi nani alishika kalamu nyekundu. Waliotia saini ule wa kwanza wametia saini tena wote isipokuwa wawili, na hao wana homa. Sikuuandika kwa kulia. Niliuandika nikiwa na hasira ile ile, ila safari hii nimeuliza kwanza inaelekea wapi.

Nakuomba radhi kwa neno mvivu. Kwa neno mwoga nakuomba radhi mara mbili. Naziomba nikiwa nimesimama, kwa sababu hivyo ndivyo ulivyonilea.

Na kuhusu sehemu ya mwisho, sikuambii useme nini. Nimekoma kuwaandikia watu maneno ya midomoni mwao.

Mwanao


16 Aprili

Mwanangu,

Hii nimempa dereva wa basi la asubuhi, maana posta haitawahi.

Tumerekodi jana. Fundi mitambo aliniuliza kupitia kioo, "Mama, ile karatasi ya meneja umeisoma?" Nikamwambia, "Nimeisoma, ndiyo maana nimeikunja." Akachomoa sikio moja la hedifoni, akasema, "Mimi leo masikio yangu mabovu kabisa." Akabonyeza kitufe. Meneja alikuja kusikiliza dakika tano za mwanzo kama kawaida yake, akaenda zake.

Jumamosi beba kioo.

Shangazi yenu


18 Aprili, mara tu baada ya kipindi

Shangazi,

Naandika haraka juu ya benchi, utanisamehe mwandiko.

Bwalo lilijaa saa tisa. Waliokosa nafasi walisimama nje madirishani, mmoja juu ya ndoo. Waya alikuja na kioo kizima cha bafuni, na mlezi wa bweni alimfuata akilalamika, halafu akakaa naye kutazama. Mpishi alizima majiko yote.

Ghorofa sita zilianguka. Mwenye umeme aliishiwa, mwenye kivuli akakimbiwa na kivuli chake. Majivu aliangushwa mara saba. Nilihesabu, siku hizi kila mtu huku anahesabu. Akainuka mara saba. Mkuu wa Shule akasema: "Kwa mara ya mwisho. Piga magoti."

Uso wake ukajaa skrini. Nikaisikia ile pumzi fupi ya puani.

"Sipigi magoti."

Mara mbili, Shangazi. Midomo ilikutana mara mbili, na kila neno lilikaa mahali pake kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta kiti chake hakijaguswa.

Hawakushangilia, sio mara moja. Kwanza mpishi aliuweka mwiko chini, akapanda juu ya benchi, na benchi likalia. Kisha yule binti wa mwaka wa kwanza. Kisha safu ya Sheria yote. Nyuma ya Majivu wanafunzi wa ghorofa za chini walikuwa wanainuka, na huku kwetu pia watu wanainuka, mpaka sikujua skrini inaishia wapi.

Majina yakaanza kupanda mwishoni. Mchoraji, mpiga muziki, mtengeneza mwanga. Yalipokwisha, hapakuwa na jina la mtu aliyetuletea maneno. Tulikaa tukiutazama ule weusi. Halafu mpishi, kwa sauti ya kuitia watu chakula, akaita: "Shangazi!" Na bwalo zima likaitikia, na wa madirishani, na aliyekuwa juu ya ndoo: "Shangazi! Shangazi!" Watu mia nne, wengi wao hawajakuona hata kwa picha.

Sijui Jumatatu watakufanya nini. Chochote watakachofanya, niandikie nikiwa bado na hasira hizi.

Mwanao, mmoja kati ya mia nne


23 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, kwako na kwa watoto wangu wapya wote mia nne. Mwambie mpishi kwamba hizo kelele zimenifikia bila waya.

Jumamosi nilitazama kwa fundi cherehani wa mtaani kwetu, nimekaa kati ya marundo ya nguo, hakuna aliyenijua. Kulikuwa na binti wa miaka saba hivi aliyekuja na mama yake kuchukua sare ya shule. Kipindi kilipoisha mama akamwambia, "Twende nyumbani ukaoge." Yule mtoto akasimama katikati ya duka, kifua mbele, akasema, "Sipigi magoti!" Mama yake hakushtuka hata kidogo. "Usipige," akamwambia, "lakini utaoga." Nilicheka mpaka fundi akaniuliza kama naumwa. Ndilo janga ambalo meneja alikuwa akiliogopa, nami nimeliona kwa macho yangu.

Mkurugenzi ameujibu waraka wenu wa pili. Amesema umepokelewa. Hakusema zaidi, na msimwache apumzike.

Jumatatu meneja aliniita. Taarifa yao ilikuwa imeshaandikwa, kosa langu peke yangu, kama alivyopanga tangu mwanzo. Lakini akanipa njia nyingine: niandike barua fupi ya kuomba radhi, naye ataniacha niendelee. Alinisogezea kalamu. Ilikuwa ile ile nyekundu. Nilikifikiria kile chumba cha trei za mayai, na kiti changu kinacholia, na ukweli ni kwamba nilikitamani.

Nikasimama. Nilimwambia, "Meneja, miaka yote hii hujajifunza kazi hii. Leo nitakufundisha bure. Tazama midomo yangu, uhesabu."

Kisha nikamwambia.

Koo limepona. Sasa unaweza kunipigia simu.

Shangazi yako, mtafsiri